Siku Loveness Alipoigiza Kazi ya Dada Yake

Jamani, leo sina uso. Nimeuacha kwenye darasa la awali, kati ya kona ya duka la kuchezea na ndoo ya maji ya kunawa, na sidhani kama nitarudi kuuchukua.

Naomba niwasimulie mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wa Tunduma, maana wakishaongeza ya kwao mtaambiwa nilitolewa na pingu. Sikutolewa na pingu. Afadhali ningetolewa.

Kwa wasionijua: mimi ni Eliza, mzaliwa wa kwanza. Baba alitangulia, mama akamfuata, mimi nikaacha shule kidato cha pili. Nina wadogo wawili. Ezekia yuko kidato cha tatu, mrefu kama nguzo ya umeme, na anakula kama anajaza nguzo. Loveness ana miaka mitano. Wote wawili wanakula, wanavaa na wanasoma, na hakuna siku niliyokwenda kugonga mlango wa ndugu. Hilo najisifia, kwa sababu baada ya leo sina lingine la kujisifia.

Tangu Januari najitolea kwenye chekechea ya kanisa mtaani kwetu. Napika uji, nanawisha mikono, nafunga kamba za viatu. (Watoto thelathini na wanane. Viatu sabini na sita asubuhi, sabini na tano mchana. Kila siku.) Sasa wiki iliyopita Mwalimu Sekela, ambaye ndiye mkuu wa pale, akaniita pembeni.

"Eliza mwanangu, cheti huna, lakini watoto wanakusikia. Alhamisi utafundisha kipindi kimoja mbele yangu na mwenyekiti wa wazazi. Kikienda vizuri, nafasi ya msaidizi wa darasa ni yako, na ina mshahara. Kikiharibika, itabidi tutafute mwingine."

Mshahara! Wa kila mwezi! Mimi ambaye tangu nizikwe na majukumu naishi kwa vibarua, leo kufua, kesho kupakua mahindi. Sikulala vizuri wiki nzima kwa furaha.

Kipindi chenyewe kilikuwa cha kuhusiana. Ndiyo, kwa watoto wa awali kuna kuhusiana: mtoto ajijue yeye ni nani, familia yake ni ipi, watu wa mtaa wake wanafanya nini. Mada niliyopewa: "Familia yangu na kazi za watu wa nyumbani." Nikasoma kile kitabu cha mwongozo mara tatu. Kilisema mtoto wa umri huu anajifunza kwa kushika na kuigiza. Basi jana nikawaambia watoto: kesho kila mmoja alete kitu kinachoonyesha kazi ya nyumbani kwao.

Wazo zuri sana. (Nani aliniroga?)

Asubuhi vitu vikaanza kuingia. Joshua, mtoto wa dereva wa lori, alikuja akiburuta spana ndefu kuliko mkono wake. Mtoto mwingine, Tabu, alileta chumvi ya bibi yake wa Ivuna ndani ya soksi. (Soksi ilikuwa imeshavaliwa.) Mwingine akaleta kahawa ya babu yake wa Isansa, punje tatu mkononi na moja tulimtoa puani. Ester, ambaye siku zote huletwa na mama yake, akaja na kofia ya kazi ya baba yake. Na Loveness wangu akaja na kitenge changu cha zamani, amekikunja vizuri, amekibana kwapani.

Nikadhani ni cha kumbebea mdoli. (Mtu mzima mwenye akili zake angeuliza. Sikuuliza.)

Saa tatu Mwalimu Sekela akasema, "Mwenyekiti amepata msiba kwao Ibaba, lakini amemtuma makamu wake. Ni baba yake Ester. Huyo hapo anaingia getini. Mpokee, mimi nawapanga watoto."

Nikageuka nimpokee makamu. Nikamtambua.

Sasa hapa lazima niwaeleze kitu, na naomba mnisikilize kama ndugu. Mwanzoni mwa mwaka huu, sukari ilipopanda bei upande wetu, Jumamosi nilikuwa nikivuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Nilikuwa navuka mwembamba kama mnavyonijua. Narudi nikiwa mjamzito.

Pakiti za kilo mbili mbili. Nazipanga tumboni, nazifunga kwa kitenge, juu nashusha dera. Mimba ya miezi saba. Ya miezi minane kama wateja walikuwa wengi. Nikifika nyumbani mikono yangu haikuyafikia mafundo ya mgongoni, kwa hiyo Loveness ndiye aliyekuwa ananifungua. Kwa ufupi, mdogo wangu alikuwa mkunga wangu.

Mara ya mwisho ilikuwa Aprili. Jua kali, foleni ndefu, mimi nimetokwa jasho na mtoto wangu ameanza kuteleza. Ofisa mmoja wa forodha, mtu mnene mwenye sauti ya kwaya, akapaza sauti: "Jamani hamna huruma? Mpisheni mama mjamzito!" Kisha akaniletea kiti chake mwenyewe na chupa ya maji. Nikakaa. Pakiti moja ikashuka kuelekea pajani. Nikaishika na kuguna.

"Anapiga teke?" akauliza.

"Anapiga, baba."

"Huyo atakuwa wa kiume. Nenda mama, nenda kapumzike."

Mnaona ninakoelekea? Makamu mwenyekiti aliyekuwa akija kwangu leo pale getini, ndiye huyo. Baba Ester. Yule yule wa kiti na maji.

Akanitazama. Akainamisha kichwa kidogo. Akanitazama tena.

"Mimi nakujua wewe," akasema. "Aaah! Mama kijacho! Ulijifungua salama?"

"Salama, baba."

"Wa kiume? Nilisema mimi."

"Wa kike, baba."

"Anaitwa nani?"

Majina yote ya dunia hii yakanikimbia. Likabaki moja.

"Loveness."

"Jina zuri. Mungu akukuzie."

"Amina."

(Nilisema amina. Kwenye kiwanja cha kanisa.)

Tukaingia. Wakubwa wakakaa kwenye vile viti vya watoto, magoti yakiwa karibu na masikio. Nikavuta pumzi nikaanza. Na kwa vile mwongozo unasema somo lianze kwa kanuni za darasa, nikaanza kwa kanuni za darasa.

"Watoto! Tukizungumza habari za nyumbani, tunasema kweli au uongo?"

"Kweliii!"

"Hata kama ni aibu?"

"Hata kama ni aibuuu!"

Mwalimu Sekela akatabasamu, akaandika kitu kwenye daftari lake.

Sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri ajabu. Kila mtoto alisimama akasema jina lake, ukoo wake na anaoishi nao. Joshua Simukonda akasema dada yake ni Namukonda, mwenzake akaruka: "Kwani baba si mmoja?" Nikaeleza kwamba kwa Wanamwanga wa huku kwetu mwanamume na mwanamke wa ukoo mmoja majina yao huanza tofauti, na baba ni huyo huyo. Watoto wakaanza kujipanga, wa Si huku, wa Na kule. Mwalimu Sekela akaandika tena, safari hii mistari miwili.

Zamu ya Loveness ikafika. "Naitwa Loveness. Naishi na kaka na dada. Dada ndiye mama."

Baba Ester akaniinamia. "Na huyu Loveness?"

"Wajina, baba."

"Wajina wa mwanao?"

Mwalimu Sekela akainua kichwa kutoka kwenye daftari. "Mwanao nani?"

"HAYA WATOTO, TUENDELEE NA KAZI ZA NYUMBANI!" nikapiga kelele, hata vioo vya dirisha vikatikisika.

Nikachora mstari wa chaki katikati ya sakafu. Huku Tunduma, kule Nakonde. Tuigize watu wetu wanavyofanya kazi mpakani. Jamani, mtoto wa hapa huwezi kumfundisha mpaka. Walinipokonya somo mikononi. Joshua akajigeuza lori, akanguruma mpaka kwenye chaki, akalala chali na spana yake.

"Joshua, mbona umelala?"

"Foleni, mwalimu. Hii siku ya tatu."

Tabu wa chumvi akakaa upande wa Nakonde, akaanza kuita wateja kwa Kibemba: "Mulishani, ba mayo!" Yaani hujambo, mama. Wenzake wakamjibu, "Bwino!", hatujambo, na soksi ikapita mkono kwa mkono. Ester akavaa kofia ya baba yake, ikamshuka mpaka puani, akasimama kwenye mstari amejishika kiuno.

"Begi! Fungua! Hii nini? Usinizoee! Wewe wa nyuma, rudi kwenye mstari!"

Baba Ester alicheka mpaka machozi. "Huyu ni mimi! Mwalimu, huyu ni mimi kabisa!" Mwalimu Sekela alikuwa anaandika bila kuinua kalamu. Nikauona mshahara. Nakuambieni niliuona, umesimama pale karibu na ubao unanipungia.

Tatizo moja. Loveness alikuwa amenyoosha mkono.

Nilimwona tangu mwanzo. Nikamruka. Nikachagua wa kushoto kwake, nikachagua wa kulia kwake. Akabadili mkono. Ulipochoka, akaushikilia kwa mkono wa pili. Kile kitenge kiko mapajani, na macho yake yanang'aa kama mtu mwenye habari njema.

"Muda umekwisha," nikasema.

"Muda upo," akasema Mwalimu Sekela. "Na yule mdogo wako ana mkono juu tangu tuanze. Tusimbague mtoto kwa sababu ni wa nyumbani."

"Mpe nafasi, binti," akaongeza Baba Ester. "Wajina wa mwanao huyo!"

Nikamgeukia. "Haya, Loveness. Waambie wenzako kazi ya dada. Dada anapika uji wa shule, si ndiyo?"

"Hapana," akasema. "Hiyo ni ya hapa. Mimi naigiza ile ya Jumamosi."

Sikuwa na la kufanya. Hivi mwalimu wa majaribio, mbele ya wakubwa wawili, anaanguka vipi akazimia bila kuonekana anaigiza?

Loveness akaenda kwenye kona ya duka. Pale tuna mifuko ya kuchezea, tumeijaza mchanga. Mingine ni mifuko ya ile sukari ya Nakonde ambayo (Mungu nisamehe) nilileta mimi mwenyewe kutoka nyumbani, ya plastiki, yenye mstari wa kijani. Akachagua hiyo hiyo, miwili. Hakuchagua mingine yoyote. Akaiweka tumboni, akazungusha kitenge, akamwambia Tabu, "Nifunge nyuma. Kaza. Kaza zaidi, ikianguka tumekwisha." Akashusha gauni. Akaweka mkono mmoja kiunoni, mwingine juu ya tumbo, akarudisha mabega nyuma, akaanza kutembea kuelekea kwenye chaki kama bata.

Ilikuwa sahihi kabisa. Hata kuguna aliguna kama mimi.

"Jamani mgongo wangu," akasema. "Mgongo, jamani."

Ester akainua kofia ili aone. Na kwa vile mtoto yule anamjua baba yake neno kwa neno, akapaza sauti: "Hamna huruma? Mpisheni mama mjamzito! Leteni kiti!"

"Umesikia?" Baba Ester akamwambia Mwalimu Sekela kwa fahari. "Hivyo ndivyo ninavyosema!"

Wakampisha. Lori la Joshua likanyanyuka likampisha. Loveness akakalia kiti, akanywa maji ya uongo, akasema asante baba, akavuka mstari. Nikaomba aishie hapo. Watoto wakaanza kupiga makofi, na mimi nikapiga kwa nguvu kuliko wote, ili igizo liishe.

Halikuisha. Akaenda moja kwa moja mpaka kona ya nyumbani, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akafunga mlango wa boksi.

"Hodi! Nimefika! Nifungue haraka, kinanikata!"

Tabu akafungua fundo. Mfuko wa kwanza ukaanguka sakafuni, puu. Wa pili, puu.

"Mapacha!" akasema Joshua.

"Siyo mapacha, ni sukari," akasema Loveness. "Dada yangu huwa anazaa sukari."

Ester akasogea, bado na kofia, akainama akatazama. "Mtoto yuko wapi?"

"Mtoto hakuna. Tulimnywa kwenye chai."

Jamani.

Baba Ester hakugeuka upesi. Alianza kugeuka taratibu, akitazama kwanza kofia ya binti yake, kisha mifuko, kisha tumbo langu bapa, kisha uso wangu. Naona kabisa akili yake inarudi Aprili, inapita kwenye kiti, kwenye chupa ya maji, kwenye teke. Mwalimu Sekela kalamu yake ilikuwa hewani.

Nikafungua mdomo niseme chochote, hata salamu. Ester akaniwahi. Alikuwa ameokota mfuko mmoja na anaukagua kama ofisa.

"Huu naujua! Wa mstari wa kijani! Hata nyumbani tunayo hii! Mama anaimwaga kwenye kopo, halafu mfuko anauchoma kabla baba hajarudi!" Akamgeukia baba yake kwa furaha. "Baba anaweka vijiko vinne!"

Hata kama ni aibu, si ndivyo nilivyofundisha?

Mwalimu Sekela akakohoa mara mbili. "Watoto, twendeni tukanywe uji." Alipita bila kunitazama. Nikabaki na Baba Ester, yeye kwenye kile kiti kidogo, mimi nimeshika ufagio. (Sijui niliuchukua wakati gani.)

"Binti," akasema.

"Abee, baba."

"Yule mtoto alikuwa anapiga teke."

"Ilikuwa pakiti, baba. Iliteleza."

Akafuta uso kwa kiganja. "Na asubuhi hii ukaniambia anaitwa Loveness."

"Niliogopa kukosa kazi. Uongo huo ni wangu, mtoto hana kosa."

"Ulipita mara ngapi?"

"Mara nne." Nikakumbuka kanuni ya darasa. "Sita, baba. Wewe ulikuwa wa mwisho. Uliponipa kiti chako niliona haya, nikafika nyumbani nikatupa lile dera. Sijavuka tena na kitu tumboni. Muulize Mwalimu, tangu Aprili Jumamosi nafua kwa watu."

Akainuka, akatoka kwenda kuongea na Mwalimu Sekela barazani. Mimi nikafagia. Nilifagia sehemu moja mpaka saruji ikaanza kutoa vumbi lake yenyewe. Nikawaza nitamwambia nini Ezekia, maana kijana alikuwa ameshachagua madaftari mapya kichwani. Nikawaza pia nimfanye nini Loveness, lakini katika watu wote mle ndani ni yeye peke yake aliyefanya nilichofundisha.

Wakaniita. Mwalimu Sekela alikuwa amekaza midomo, na nilipokaribia nikagundua anajizuia kucheka, tena vibaya, mabega yanaruka.

"Eliza," akasema, "nimefundisha watoto wadogo miaka mingi. Sijawahi kuona darasa zima likaelewa kazi za jamii yake namna hii. Wote thelathini na wanane. Hata wale ambao ningependa wasielewe." Kisha akawa mkali kweli. "Lakini ukinidanganya mimi, au mzazi, siku moja tu, unaondoka. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mwalimu."

"Makamu mwenyekiti anasemaje?"

Baba Ester akakunja mikono. "Mimi nasema apewe nafasi. Akikosa hapa atarudi kule, na mimi nina kiti kimoja tu. Halafu kuna mtu nyumbani kwangu ambaye leo tutaongea naye kwanza. Siwezi kuanza na wewe."

Basi, ndugu zangu, kazi nimepata. Mwezi mmoja wa majaribio, naanza Jumatatu, na mada ya kwanza Mwalimu Sekela amenichagulia yeye mwenyewe: kwa nini tunalipa kodi. Baba Ester ameahidi kuja kusikiliza. Amesema atakaa mbele.

Mtaani habari imeshafika kabla yangu. Nimepita kwa mwenye genge la mboga, kaniuliza natarajia kujifungua lini.

Nawaomba msinicheke. Na wewe unayesoma hapa kikombe kikiwa mkononi, kabla hujaanza kunicheka, muulize kwanza mkeo sukari kaipata wapi.